Saa Nane Usiku, Mlango wa Kutokea Uko Wapi?

Mtu anayefungua tovuti ya kasino saa nane usiku hayuko katika hali ya yule aliyeifungua saa nne asubuhi. Ameshika simu kwa mkono mmoja, amelala kiubavu, taa imezimwa, na pengine pembeni yake kuna mtu aliyelala ambaye hataki kumwamsha. Macho yamechoka. Kidole gumba ndicho kinachofanya kazi yote. Kwa mtu huyo, ukurasa mweupe unaowaka ghafla ni kama kumulikwa tochi usoni, na muziki unaoanza kupiga wenyewe ni kero ya nyumba nzima.

Kwa hiyo swali la nini kinaifanya tovuti ya kasino iwe rahisi kutumia usiku wa manane linastahili kujibiwa kwa uzito. Lina watu wa pande mbili. Wa kwanza husema mchezaji ni mtu mzima, pesa ni yake, na anastahili ukurasa unaosomeka na vitufe vinavyotii. Wa pili husema wepesi huohuo ndio unaomaliza pesa za watu gizani, na kwamba kadiri usiku unavyosonga ndivyo tovuti ingefaa kuwa nzito zaidi. Nimezipima hoja zote mbili, na ninachokiona ni kwamba neno "rahisi" limebebeshwa mizigo miwili. Kuna urahisi wa kuona na kuelewa unachofanya, na kuna urahisi wa kuachia pesa. Tukiichanganya hiyo miwili, mjadala hausogei.

Nianze na urahisi wa kuona, kwa sababu hapo nasimama na upande wa kwanza bila kusita. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazofikika na watu wote, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Tovuti nyingi za kasino hutimiza hilo kwenye jina la mchezo na kwenye kitufe cha kucheza, kisha masharti ya bonasi yanaandikwa kwa kijivu hafifu juu ya weusi, herufi ndogo, chini kabisa. Mchana utakunja uso na kuyasoma. Usiku, ukiwa umepunguza mwanga wa skrini ili usimwamshe mwenzako, hayo maandishi kwako hayapo. Na humo ndimo mnamoelezwa kwamba bonasi lazima izungushwe, yaani ichezewe madau, mara kadhaa kabla hujaruhusiwa kutoa hata senti.

Skrini nyeusi nayo haimfai kila mtu. Wenye tatizo la macho liitwalo astigmatizimu wengi wao huona herufi nyeupe juu ya weusi zikitawanya ukungu pembeni. Tovuti iliyofikiriwa vizuri hufuata mpangilio wa simu yenyewe na kumwachia mtumiaji nafasi ya kuubadili. Sauti ikae kimya mpaka iombwe. Kiasi cha dau kionekane kwa tarakimu kubwa karibu na kitufe cha kulithibitisha, na alama ya kuongeza dau isibanane na kitufe cha kuzungusha, kwa sababu kidole chenye usingizi hukosea, na kosa la pale lina bei. Mtandao ukikatika katikati ya mchezo, ukirudi mtu aonyeshwe mara moja raundi iliishaje na salio lake ni kiasi gani. Haya yote ni haki ya mtumiaji, wala sioni ni vipi yangemdhuru.

Tena usiku wa mmoja ni jioni ya mwingine. Muuguzi anayetoka zamu, mlinzi, dereva wa masafa marefu: hawa saa nane usiku ndipo wanapopumzika, na akili zao zinaweza kuwa timamu kuliko za mtu aliyetoka kwenye foleni ya magari saa moja jioni. Kuwahesabu wote kuwa watu waliopotoka kwa sababu ya saa iliyo ukutani ni dharau.

Hata hivyo, upande wa pili una hoja ambayo sijaona ikijibiwa kikamilifu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, wakishirikiana na wenzao wa Singapore, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia vijana wazima walionyimwa usingizi usiku mmoja. Waliwapa maamuzi ya kamari huku wakipiga picha za ubongo. Wakiwa wamelala vizuri, washiriki kwa jumla walielekea kujikinga na hasara. Wakiwa hawajalala, waliegemea zaidi kwenye kufukuzia faida, na sehemu za ubongo zinazopokea habari za hasara zilipungua mwitikio. Kwa maneno mengine, mtu aliyekesha haumizwi na kupoteza kama anavyoumizwa akiwa ameamka vizuri. Lile jicho la ndani linalosema "basi, inatosha" limesinzia kabla yake.

Sasa weka akili ya namna hiyo mbele ya mchezo wa sloti, ule wa picha zinazozunguka. Kwenye meza ya kweli ya ruleti, mchezo wa gololi na gurudumu lenye namba, gololi lazima isimame, madau yakusanywe na washindi walipwe. Kwa saa moja utapata mizunguko arobaini hivi. Ruleti yenye namba 37 humwachia mwenye kasino wastani wa asilimia 2.7 ya kila dau, kwa hiyo anayeweka dau moja kila mzunguko hutarajiwa kupoteza kama dau moja tu kwa saa. Sloti inayozunguka kila sekunde 2.5 inaweza kufika mizunguko 1,440 kwa saa. Ikiwa inarudisha asilimia 96 ya madau kwa wastani wa muda mrefu, jambo ambalo ni la kawaida, saa moja ya mwendo huo humeza zaidi ya madau 57. Punguza mwendo hadi sekunde 5, hasara inayotarajiwa inashuka chini ya madau 29. Mchezo ni uleule na asilimia ni zilezile. Kilichobadilika ni wepesi.

Ndiyo sababu baadhi ya nchi ziliacha kuhubiri kuhusu tabia na kugusa muundo wenyewe. Uingereza, kuanzia Oktoba 2021, ilikataza sloti za mtandaoni kuzunguka kwa chini ya sekunde 2.5, ikapiga marufuku mizunguko inayojiendesha yenyewe, na ikakataza kelele za ushindi pale mtu anaporudishiwa kiasi kisichozidi dau lake. Hili la mwisho ningependa lifahamike zaidi. Unaweka shilingi 1, unarudishiwa senti 40, simu inalia kengele na sarafu zinamwagika kwenye skrini. Umepoteza, na umepongezwa. Mtu aliyechoka hukumbuka sarafu. Mnamo Januari 2025 nchi hiyo iliweka pia kiwango cha sekunde 5 kwa michezo mingine ya kasino mtandaoni. Ujerumani, kwa mkataba wa majimbo ulioanza Julai 2021, inataka mzunguko wa sloti uchukue wastani wa sekunde 5 na dau lisizidi euro 1.

Kuna jambo dogo zaidi linalonigusa kila ninapoliona: saa. Kumbi za kasino zimejulikana tangu zamani kwa kutoweka saa ukutani. Kwenye simu saa ipo juu ya skrini muda wote, lakini mchezo ukishajaza skrini nzima, saa ile inafichwa. Kanuni za Uingereza za 2021 zinataka sloti imwonyeshe mchezaji muda aliokwishacheza na jumla ya alichopata au kupoteza. Hicho ndicho kitu cha kwanza ningekiita kurahisisha kwa mtu wa usiku. Hakimzuii, kinamwambia ukweli wa mahali alipo.

Nieleze na niliyoyaona mwenyewe. Nilifungua akaunti kwenye tovuti moja kwa nia ya kuipima, saa nane na nusu usiku, taa zimezimwa. Kuweka pesa kulinichukua miguso mitatu. Kitufe kilikuwa kijani, kipana, pale hasa kidole gumba kinapofika bila kujinyoosha. Nilipotaka kuzitoa, nilianza kwa kufungua menyu juu kushoto, nikaingia kwenye "akaunti", kisha "pochi", kisha "historia", na mle ndani ndimo palipokuwa na neno "toa" kwa herufi ndogo. Nikaombwa picha ya kitambulisho, ambayo hakuna aliyeihitaji nilipokuwa naweka. Kupiga picha ya kitambulisho gizani hakuwezekani, ikabidi niwashe taa. Ombi lilipopokelewa, niliambiwa nisubiri siku mbili. Na kwa siku hizo mbili, kila nilipofungua ukurasa, kitufe kikubwa chenye rangi kilikuwa kikinialika nighairi ombi na kuendelea kucheza.

Hapo ndipo niliposhawishika kwamba ubishi wa "rahisi" dhidi ya "ngumu" umekaa vibaya. Tovuti ile ilikuwa na vyote viwili: nyepesi kama unyoya upande wa kuingia, nzito kama lango la chuma upande wa kutoka. Waliosanifu njia ya kuweka pesa waliujua usiku vizuri sana, waliujua mkono mmoja, kidole gumba na macho mazito. Ujuzi huohuo haukufika kwenye njia ya kutoa. Uingereza imeshapiga marufuku kughairisha maombi ya kutoa pesa kwa namna hiyo, na nadhani ni miongoni mwa kanuni zake zenye busara zaidi.

Wanaopinga vikwazo wana jibu zito, na si haki kulipita. Husema ukiifanya tovuti yenye leseni iwe ya kuchosha, mtu atahamia isiyo na leseni, ambako hakuna kikomo, hakuna wa kumlalamikia, wala hakika ya kulipwa. Husema pia kwamba kufunga kwa saa hakujawahi kufanya kazi vizuri, na mfano wa Korea Kusini uko upande wao. Kuanzia Novemba 2011 nchi ile iliwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Baadhi walitumia namba za utambulisho za wazazi, wengi wakahamia kwenye gemu za simu ambazo sheria haikuzigusa, na mwanzoni mwa 2022 katazo likawa limeondolewa. Kama ilishindikana kwa watoto na gemu, kuwafungia watu wazima kasino kwa saa fulani za usiku nakuona kama kujaza maji kwenye pakacha. Na yule muuguzi wa zamu angeadhibiwa bure.

Hoja hiyo nakubaliana nayo inapohusu kufunga. Haigusi lakini uzito uliowekwa upande wa kutoka, maana hakuna mtu anayehama tovuti kwa sababu imemrahisishia kutoa pesa zake. Ujerumani inataka kila ukurasa wa sloti uwe na kitufe kinachoonekana wakati wote ambacho mtu akikibonyeza anajifungia kucheza kwa saa 24, papo hapo, bila fomu na bila kuzungumza na yeyote. Mguso mmoja, kwa kidole gumba kilekile. Huo ni wepesi uliobuniwa kwa ajili ya saa nane usiku, na haumzuii asiyeuhitaji.

Namna nyingine ya kuufikiria usiku iko kwenye kanuni ya Uingereza ya vikomo vya kuweka pesa. Mtu akitaka kupunguza kikomo chake, kinashuka mara moja. Akitaka kukipandisha, anasubiri saa 24, na zikiisha hakipandi chenyewe. Lazima arudi athibitishe kwamba bado anataka. Kwa hiyo aliyeamua saa nane usiku, akiwa amepoteza na anataka kurudisha, atathibitisha mapema kabisa saa nane usiku unaofuata, na katikati hapo atakuwa amepata nafasi ya kulala.