Luti ya kwanza: uchukue ya bei nafuu au usubiri?

Mtu akishasikia luti ikipigwa na anayeijua, haipiti siku kabla hajaulizia bei. Jibu lake huvunja moyo. Luti iliyochongwa na fundi mzoefu hugharimu mara kadhaa ya gitaa zuri la kujifunzia, na huenda fundi mwenyewe ana foleni ya wateja. Hapo ndipo inapojitokeza ile nyingine, ya bei ya chini kabisa, imenakshiwa, inang'aa, tena ipo tayari leo. Je, anayeanza aichukue?

Kwa asiyeifahamu, luti ni mtoto wa udi aliyekulia Ulaya. Hata jina lake limetokana na "al-ud" ya Kiarabu. Mgongo ni uleule wa kibuyu kilichopasuliwa, na kichwa kimekunjwa kwenda nyuma. Ila luti ina freti, yaani vigawanyo vya noti shingoni, ambavyo kwake ni kamba zilizofungwa kwa fundo, na nyuzi zake zimepangwa jozi jozi, isipokuwa ule wa juu kabisa ambao kwa kawaida huwa peke yake.

Wanaotetea luti ya bei nafuu wana hoja nzito kuliko wanavyosikilizwa. Vidole havijifunzi kwa kusubiri. Kugusa nyuzi mbili kwa pamoja, laini kiasi kile, ili zilie kama uzi mmoja, ni kazi ya mkono ambayo huwezi kuisoma mahali. Nawajua watu wa aina hii: miaka inapita wanalinganisha mafundi na aina za mbao, na hawajapiga hata wimbo mmoja. Isitoshe, baadhi ya kasoro zinatibika. Nyuzi unabadilisha, na freti zikichakaa unafunga nyingine mwenyewe mezani.

Lakini kuna kasoro zisizotibika kirahisi, na ndizo zinazoipa luti ya bei poa sifa mbaya. Luti nzuri ni nyepesi hadi inashangaza ukiinyanyua; ubao wa mbele una unene wa milimita 1.5 hivi, pengine kasoro kidogo. Nyingi za bei ya chini zimejengwa nzito kama stuli. Nyuzi za luti hazivutwi kwa nguvu, kwa hiyo ubao mnene hautikisiki, na sauti inabaki ndani.

Balaa zaidi ni vigingi vya kukazia nyuzi. Luti ya jozi 8 ina nyuzi 15, maana yake vigingi 15 vya mbao vinavyoshikiliwa na msuguano tu. Kigingi kikiwa hakijachongwa kulingana na tundu lake, unakizungusha hakisogei. Unaongeza nguvu kidogo, kinaruka, na uzi unapita sauti uliyoitaka. Unaurudisha, kigingi kinateleza, uzi unalegea wote. Chaki na sabuni husaidia pale mbao zinapokutana vizuri. Kama kigingi kinagusa upande mmoja tu, ni fundi wa kukichonga upya. Mwanzoni mwa karne ya 18 mwanamuziki Mjerumani Johann Mattheson alitania kuwa mpiga luti akifikisha miaka 80, basi 60 kati ya hiyo ameimaliza akityuni. Huo ulikuwa utani juu ya luti za kawaida. Ya bei poa inaweza kumshawishi anayeanza kwamba hana sikio la muziki, kumbe tatizo ni tundu la kigingi.

Halafu kuna luti-gitaa za Kijerumani za mwanzoni mwa karne ya 20, ambazo huuzwa sana kama mitumba. Kwa umbo ni luti. Hesabu nyuzi: ukikuta 6 moja moja na freti za chuma, hilo ni gitaa lililovaa kanzu ya luti.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi huidharau. Chukua gitaa la nyuzi za nailoni, shusha uzi wa tatu nusu-toni, kutoka G hadi F kali, kisha funga kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, kwenye freti ya 3. Umepata mpangilio uleule wa luti ya enzi ya Renaissance, karne ya 16 hivi, iliyotyuniwa katika G, na unaweza kusoma moja kwa moja tabulatura zake, yaani maandishi ya muziki yanayoonyesha uzi na freti ya kubonyeza. Hata urefu wa uzi unapungua kutoka sentimita 65 hadi kama 55. Mkono wa kushoto utajifunza mengi sana hapo. Mkono wa kulia hautajifunza, kwa sababu hakuna jozi na nyuzi zimekaza mno.

Kwa maoni yangu, kukodi ndiko kunakoshinda pande zote mbili, panapowezekana. Vyama vya wapiga luti vya Uingereza na Marekani hukodishia wanachama wao. Pasipowezekana, ningeanza na gitaa huku nikitafuta luti iliyotumika ya fundi anayefahamika, jozi 7 au 8. Hiyo ukichoka nayo utampata wa kuinunua. Ile ya bei poa itabaki ukutani. Jozi 6 zinamtosha mtu anayempenda Francesco da Milano, mtunzi Mwitaliano wa luti, ila akifika kwa Mwingereza John Dowland, aliyemfuata baadaye, atazihitaji hizo za ziada. Luti ya Baroque, enzi iliyofuata Renaissance, ya jozi 13, nyuzi 24, sioni iweje ya kwanza, hata kama ni Bach aliyekuvuta.

Bado yupo ambaye hana pa kukodi wala pa kupata mitumba. Huyo sitamwambia aache. Ila asiuziwe mbuzi kwenye gunia. Aitazame shingo kwa jicho moja kuanzia kichwani kama imenyooka, kwa maana ndani yake hamna chuma cha kuinyoosha. Aangalie nyuma ya daraja, kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye ubao wa mbele, kama gundi imeanza kuachia. Na kama ananunua kwa picha, amwombe muuzaji arekodi video akishusha uzi mmoja nusu-toni na kuurudisha. Muuzaji akihangaika dakika 2, mnunuzi azidishe mara 15.