Wiki sita za uongo juu ya Barry na Honey Sherman

Aprili 2020, wakati korona imetufungia ndani na kila mtu anajifukiza, shangazi yangu alituma ujumbe mrefu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ulikuwa na ile mishale miwili inayoonyesha kwamba umeshapita mikono mingi. Ulisema bilionea wa Kanada aliyekuwa akitengeneza haidroksiklorokwini, dawa iliyovumishwa kuwa inatibu korona, ameuawa pamoja na mkewe ili dunia inyimwe dawa. Chini yake palikuwa na picha ya mzee mwembamba na mwanamke anayecheka.

"Mwanangu, wewe ndiye mfamasia wetu. Hebu tufafanulie," akaandika.

Nilimjibu kwa mistari mitatu. Watu hao ni Barry na Honey Sherman wa Toronto. Ni kweli waliuawa, na ni kweli kampuni yao, Apotex, ilikuwa inatengeneza dawa hiyo miongoni mwa mamia ya dawa nyingine. Lakini walikufa Desemba 2017, na kirusi cha korona kilianza kujulikana Desemba 2019. Nilidhani tarehe zimemaliza kazi. Ndani ya dakika chache binamu yangu akajibu: "Ndiyo maana waliuawa mapema, mpango ulikuwepo." Wengine wakamwekea vidole gumba.

Jibu lile lilinikaa. Tangu hapo nimeifuatilia kesi hii kwa miaka, nikisoma kila kinachotolewa na polisi na mahakama, na naona huku kwetu tunaijua kwa upande wake mbaya tu, ule wa kubuni muuaji. Nataka kueleza kwa nini tabia hiyo inaniuma.

Barry Sherman alikuwa na miaka 75, Honey 70. Barry aliianzisha Apotex mwaka 1974 na kuijenga kwa dawa za jeneriki, yaani zile zenye kiini kilekile cha dawa yenye jina kubwa ila kwa bei nafuu. Honey alizaliwa kambi ya wakimbizi huko Ulaya, kwa wazazi walionusurika mauaji ya Wayahudi, akafika Kanada akiwa mtoto. Utajiri wao ulikadiriwa kuzidi dola bilioni 3 za Marekani. Jioni ya tarehe 13 Desemba 2017 walikutana na wasanifu majengo kwenye ofisi za Apotex kuzungumzia nyumba mpya waliyotaka kujenga. Baada ya jioni hiyo hakuna aliyewaona tena wakiwa hai.

Ijumaa ya tarehe 15, dalali aliyekuwa akiwaonyesha wateja nyumba waliyokuwa bado wanaishi, iliyotangazwa kuuzwa kwa karibu dola milioni 7 za Kanada, alishuka nao hadi kwenye bwawa la kuogelea lililo ndani ya nyumba. Wenye nyumba walikuwa hapo kandokando ya bwawa, nusu wameketi, mikanda shingoni imefungwa kwenye reli.

Siku hiyohiyo polisi walisema hawaoni dalili za mtu kuvunja mlango na hawatafuti mshukiwa. Kufikia siku iliyofuata magazeti, yakinukuu watu wa ndani ya polisi wasiotajwa majina, yalikuwa yameandika kwamba wapelelezi wanadhani mume alimuua mkewe kisha akajinyonga.

Hapa naomba msomaji asipite haraka. Tunapozungumzia uvumi huwa tunamtazama mtu wa chini: kijana mwenye simu, mama wa sokoni, wale wa kwenye kundi la WhatsApp. Katika kesi hii uvumi wa kwanza na mbaya kuliko wote ulitoka kwa watu wenye vitambulisho vya kazi. Sisi tuliubeba tu. Na ulibebeka kwa urahisi kwa sababu ni hadithi tunayoijua: mwanamume, mke, ugomvi wa ndani, kitanzi. Mauaji ya namna hiyo yapo kweli na yamejaa dunia nzima, na ndiyo maana hakuna aliyeuliza swali la pili. Maiti hawajazikwa, watoto wao wanne wakawa wanasikia kwenye taarifa ya habari kwamba baba yao amemuua mama yao.

Mazishi yalifanyika tarehe 21 Desemba, Mississauga, mbele ya maelfu ya watu, Waziri Mkuu Justin Trudeau akiwemo. Nikijaribu kuwaza watoto wale wamekaa mbele ya majeneza mawili, huku nusu ya ukumbi ikijiuliza kama jeneza moja ni la muuaji wa mwenzake, nashindwa kuendelea.

Familia ilikataa. Ikamwajiri wakili, Brian Greenspan, ikawaleta wapelelezi wastaafu wa polisi, ikamwita David Chiasson, aliyewahi kuwa mkuu wa uchunguzi wa maiti wa jimbo la Ontario, afanye uchunguzi wa pili kabla ya maziko. Gazeti la Toronto Star likaja kuripoti kwamba kwenye vifundo vya mikono yao kulikuwa na alama zinazoashiria walikuwa wamefungwa. Hatimaye tarehe 26 Januari 2018 mpelelezi Susan Gomes akasimama mbele ya waandishi akatangaza kuwa polisi wa Toronto wameridhika: haya ni mauaji ya watu wawili, na walilengwa.

Kuanzia kupatikana kwa miili hadi siku hiyo ni wiki sita kamili.

Sasa nijibiwe swali hili. Kama marehemu angekuwa fundi bomba badala ya bilionea, nani angelipia uchunguzi wa pili? Ni familia gani ya Mbagala, ya Kisumu, au hata ya mtaa wa kawaida hapohapo Toronto, ingeweza kuita daktari wake mwenyewe aende kuitazama maiti upya, huku bado wanatafuta pesa ya jeneza? Jina la Barry Sherman lilisafishwa kwa fedha za Barry Sherman. Nawafikiria waume na wake waliokutwa wamekufa pamoja, faili likafungwa kwa dhana ya siku ya kwanza, na mpaka leo wajukuu wao wanaambiwa shuleni kwamba babu yenu alikuwa muuaji. Labda kweli alikuwa. Labda hakuwa. Hakuna aliyekuwa na pesa ya kuuliza.

Baada ya tangazo lile mtu angetarajia watazamaji wajifunze kusubiri. Kilichotokea ni kinyume: mlango wa kubahatisha ukafunguka wazi, kwa kuwa sasa muuaji yupo na hana jina. Na Barry alikuwa na maadui wa kutosha kulisha kila nadharia. Aliishi mahakamani. Kampuni kubwa za dawa zilimshtaki na yeye akazishtaki kwa miongo minne. Miaka ya 1990 kampuni yake ilimtishia mtafiti Nancy Olivieri kumchukulia hatua za kisheria alipotaka kuwaeleza wagonjwa wake wasiwasi aliokuwa nao juu ya dawa aliyokuwa akiijaribu, na kisa hicho bado kinafundishwa kwenye maadili ya utafiti. Simtetei kwa hilo. Alikuwa mkali, na wapo walioumia. Lakini kutoka "alikuwa na maadui" hadi "basi fulani ndiye aliyemuua" kuna bahari nzima, na nimeona watu wanaivuka kwa sentensi moja. Wametajwa ndugu, wametajwa washirika wa biashara, zimetajwa serikali. Majina hayo sitayaandika hapa. Hakuna aliyekamatwa wala kushtakiwa, na mtu asiyeshtakiwa hana hata mahakama ya kwenda kujitetea.

Desemba 2021 polisi walitoa video fupi ya kamera za ulinzi: mtu amevaa nguo za baridi, uso hauonekani, anatembea kandokando ya barabara yenye theluji karibu na nyumba ile usiku wa mauaji. Walisema wanamchukulia kama mshukiwa kwa kuwa hawakuweza kubaini alikuwa na shughuli gani pale, na wakawaomba watu wamtazame anavyotembea, hasa anavyourusha juu mguu wa kulia. Ni ombi la haki kabisa. Mtu anayemfahamu anaweza kumtambua kwa mwendo.

Lakini video hiyo haikuishia kwa watu wa mtaa ule. Ilifika hadi kwetu. Mtu aliituma kwenye kundi la ukoo, na kila mmoja akaanza kutoa hukumu: huyu ni mwanajeshi mstaafu, huyu amevaa mguu wa bandia, huyu ni mwanamke amejifanya mwanamume. Mimi mwenyewe niliirudia labda mara ishirini usiku ule, na kufikia saa saba nilikuwa nimeshaamua umri wake. Kwa sekunde chache za kivuli kinachotembea kwenye theluji!

Baba yangu mdogo, ambaye aliugua polio akiwa na miaka minne na mguu wake wa kulia haukupona sawasawa, huwa haandiki sana kwenye kundi lile. Siku hiyo aliandika: "Huyu anatembea kama mimi."

Sidhani kama alikuwa anamlaumu mtu. Lakini tangu nisome maneno yale siwezi kuitazama video hiyo bila kuwaza wanaume wote wa Toronto wenye nyonga mbovu, wenye kisigino kilichovunjika zamani, wenye buti lisilowatosha, ambao picha zao huenda zimewekewa duara jekundu na watu wasiowahi kukanyaga Kanada.

Kwa upande mwingine kuna kisa cha Apotex ambacho sijawahi kuona kikifowadiwa na mtu yeyote huku, ingawa kinatuhusu kuliko haidroksiklorokwini. Mwaka 2004 Kanada ilitunga sheria ya kuruhusu kampuni za jeneriki zitengeneze dawa zenye hataza, yaani zile ambazo kisheria ni mgunduzi wake tu anayeruhusiwa kuzitengeneza, kwa ajili ya nchi maskini. Kampuni pekee iliyowahi kuitumia sheria hiyo hadi dawa ikafika ni Apotex, na nchi pekee iliyopokea ni Rwanda: kidonge kimoja chenye dawa tatu za kufubaza virusi vya Ukimwi, zaidi ya vidonge milioni 15, vilivyosafirishwa kwa awamu mbili mwaka 2008 na 2009. Wenye hataza walipaswa kukubali au kuzungukwa, makaratasi yalichukua miaka, na Apotex ikasema njia hiyo ni ngumu mno kurudiwa. Kwa mfamasia wa Afrika Mashariki hiyo ndiyo habari ya Barry Sherman: jinsi dawa inavyokwama kwenye sheria wakati mgonjwa anasubiri. Na klorokwini yenyewe, binamu yake huyo haidroksiklorokwini, sisi Tanzania tuliiacha kama tiba kuu ya malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea. Mambo yote haya yako wazi, yanasomeka, na yana faida. Hayana muuaji, basi hayasambai.

Sisemi watu wa kawaida wakae kimya kila mara. Agosti 1976, Kaunti ya Sumter huko South Carolina, kijana wa kiume na wa kike walikutwa kando ya barabara wamepigwa risasi. Walizikwa bila majina. Mwaka 2021, baada ya miaka 44, walitambuliwa kwa vinasaba kupitia DNA Doe Project, shirika lenye watu wa kujitolea wanaochambua koo na kufuatilia mababu mpaka wampate mtu. Wale nao ni watu wa kwenye kompyuta, wengi hawana cheo cha polisi. Wanachofanya ni kutafuta jina la aliyekufa, na wanayemhisi hawamtangazi mpaka vipimo vithibitishe. Muuaji wa vijana wale hajahukumiwa hadi leo, ila familia zao zina pa kuweka maua.

Wala sisemi kila kitu kifichwe. Wasimamizi wa mirathi ya akina Sherman waliomba mafaili ya mirathi yafungwe, wakidai faragha na usalama. Suala likafika Mahakama ya Juu ya Kanada, na Juni 2021 mahakama ikaamua kwa kauli moja kwamba mafaili yawe wazi, kwa sababu aibu au usumbufu peke yake hautoshi kuziba macho ya umma. Ilisema faragha inaweza kushinda pale tu utu wa mtu unapokuwa hatarini kweli. Mimi nauona uamuzi huo ni sahihi. Mwandishi aliyedai mafaili yale, Kevin Donovan wa Toronto Star, alifanya kazi yake kwa kwenda mahakamani na kuweka jina lake chini ya alichoandika. Anayesambaza ujumbe usio na mwandishi hana anachoweka rehani.

Nyumba ile ya akina Sherman, kwenye barabara ya Old Colony Road, ilibomolewa mwaka 2019. Zawadi ya dola milioni 10 za Kanada iliyotangazwa na familia mwaka 2018 imepanda hadi milioni 35, na bado hakuna aliyeichukua.

Mwezi uliopita ule ujumbe wa haidroksiklorokwini ulirudi kwenye kundi letu, safari hii na sauti ya mwanamume anayesoma kwa kunong'ona. Aliyeutuma ni shangazi tena, hakumbuki kama alishautuma. Sikumwandikia. Nilimpigia simu, nikamsimulia habari ya wiki zile sita, ya taarifa ya habari na ya mazishi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hao watoto wako wangapi?" akauliza.

"Wanne, shangazi."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza hali ya mama, tukazungumza mengine. Asubuhi nilipofungua kundi, mahali pa ujumbe wake paliandikwa: "Ujumbe huu umefutwa."