Paneli ya Katalogi Ndani ya JupyterLab: Inatuonyesha Nini, Inatuficha Nini?

Hapa Uganda, wengi wanaochambua picha za setilaiti kwa Python hufanyia kazi zao kwenye madaftari ya JupyterLab, programu ambamo msimbo huandikwa katika seli na matokeo yake huonekana papo hapo chini yake. Siku hizi kuna viendelezi vinavyoongeza paneli pembeni mwa daftari: unachagua katalogi ya data (orodha ya picha zilizopo, mahali na tarehe zake), unachora eneo lako kwenye ramani, unaweka tarehe, na orodha ya picha inajitokeza bila kuandika mstari wowote wa msimbo. Wapo wanaoipokea paneli hii kwa mikono miwili. Wapo pia walimu wanaosema inamzoesha mwanafunzi kubofya asichokielewa. Mimi naiunga mkono, lakini kwa sharti moja, na hoja za wanaoipinga ni nzito kuliko zinavyosikilizwa.

Tuchukue Kilembe, wilayani Kasese. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, na mara zote mbili ukaiharibu hospitali ya pale. Mtu anayetaka kuona bonde lile lilivyobadilika, bila paneli, ataandika ombi la kutafuta picha kwa kufuata STAC, kanuni ya kupanga katalogi za picha za dunia iliyofikia toleo la 1.0.0 mwaka 2021. STAC inataka eneo la mstatili litajwe kwa namba nne za pembe zake mbili, na longitudo hutangulia. Lakini GPS ya simu hutanguliza latitudo, na wengi wetu ndivyo tulivyozoea. Kilembe iko latitudo 0.2 Kaskazini, longitudo 30 Mashariki. Zigeuze namba hizo na utakuwa unatafuta picha za jangwa la Algeria. Katalogi haitakugombeza. Itakuletea picha safi zisizo na wingu, na asiyezitazama kwenye ramani ataendelea na hesabu zake. Kwa anayechora mstatili kwa kipanya, kosa hili halipo kabisa.

Ramani inaonyesha jambo jingine pia. Longitudo 30 Mashariki ndiyo mpaka wa kanda 35 na 36 za UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia katika kanda, kwa hiyo picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, za eneo la Kilembe huja katika kanda mbili, na kabla ya kuziunganisha ni lazima uzihamishie kwenye kanda moja. Ukiona mipaka ya picha imepandana kwenye paneli, unalijua hilo kabla ya kuanza. Kadhalika, ukitafuta mafuriko ya 2013 kwenye mkusanyo wa Sentinel-2 utakuta patupu, kwa sababu setilaiti ya kwanza ya Sentinel-2 ilirushwa 2015. Hapo unahamia Landsat, setilaiti za Marekani zilizoanza zamani zaidi, bila kupoteza nusu siku.

Halafu kuna bando. Faili kamili la picha moja ya Sentinel-2 lina mamia ya MB, na mwanafunzi anayelipia intaneti kwa simu yake hawezi kushusha matano ili achague moja. Maelezo ya picha ndani ya katalogi ni maandishi machache ya JSON (muundo wa maandishi unaosomwa na kompyuta) pamoja na picha ndogo. Unatazama kwanza, unaamua, kisha unasoma kipande cha bonde tu kama faili ni GeoTIFF (picha iliyobeba mahali pake kwenye ramani) iliyopangwa kwa ajili ya kusomwa kutoka mbali. Haki itendeke hapa: nafuu hiyo inatokana na katalogi na muundo wa faili, na mwenye kujua pystac-client, maktaba ya Python ya kutafuta katika katalogi za STAC, anaipata kwa mistari michache. Paneli inaifikisha kwa yule ambaye bado hajafika huko.

Sasa upande wa pili. Paneli za namna hii zinaweza kuweka kichujio cha mawingu, kinachoacha nje picha zenye mawingu kupita asilimia fulani. Asilimia ile huwa ni ya kigae kizima, yaani kipande kimoja cha picha, ambacho kwa Sentinel-2 kina upana wa kilomita 110 hivi. Milima ya Rwenzori hufunikwa na mawingu karibu wakati wote. Picha yenye mawingu asilimia 60 inaweza kuwa na bonde lako likiwa wazi kabisa, na kichujio kilichowekwa kwenye asilimia 10 kitaitupa bila kukuambia. Aliyeandika ombi mwenyewe anajua ni yeye aliyechagua 10. Aliyekuta kichujio tayari kimewekwa hana habari.

Zito zaidi ni hili. Kuanzia tarehe 25 Januari 2022, picha mpya za Sentinel-2 zilianza kutolewa kwa toleo la uchakataji 04.00, ambalo huongeza 1000 kwenye thamani za pikseli. Chukua shamba la kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, bendi nyekundu ikiwa 400 na ya infraredi 3600. NDVI yake, kipimo cha ukijani wa mimea (infraredi kutoa nyekundu, kugawanya kwa jumla yao), ni 0.8. Ongeza 1000 kila upande, ziwe 1400 na 4600, na NDVI inashuka hadi 0.53. Kahawa haijaguswa, lakini anayelinganisha 2021 na 2023 ataandika kwamba imedhoofika. Baadhi ya katalogi zimesharekebisha thamani hizo, nyingine zimeziacha, na jibu limo kwenye metadata, yaani maelezo yanayoambatana na picha. Paneli inayoonyesha picha ndogo, tarehe na asilimia ya mawingu peke yake inampeleka mtu moja kwa moja kwenye kosa hili.

Ndiyo maana sharti langu ni kwamba paneli iliandike ombi lote ndani ya seli ya daftari: anwani ya katalogi, namba nne za eneo, tarehe, kichujio, na toleo la uchakataji la kila picha iliyochaguliwa. Mibofyo haiachi alama. Msimamizi wa utafiti akifungua daftari miezi sita baadaye na kukuta orodha ya picha isiyo na asili, hawezi kuirudia wala kuikosoa. Ombi likiwa kwenye seli, mwalimu anapata cha kusahihisha, na mwanafunzi anaiona longitudo ikitangulia kwa macho yake. Kiendelezi kisichofanya hivyo nisingekiweka kwenye kompyuta za darasa, hata kiwe na ramani nzuri kiasi gani.

Msimbo huo una faida nyingine. Juni 2024 Microsoft ilifunga Hub ya Planetary Computer, mazingira ya madaftari yaliyokuwa yakitolewa bure. Katalogi yenyewe ilibaki. Mwenye ombi lililoandikwa aliweza kulipeleka kwingine, kwa mfano kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Linaloniuma ni yaliyomo ndani ya katalogi. Digital Earth Africa imefanya kazi kubwa: data ya bara hili imehifadhiwa kwenye seva za Cape Town, inatafutwa kwa STAC, na ina mazingira ya JupyterLab yasiyolipiwa. Lakini hizo ni data zinazotokana hasa na setilaiti. Vipimo vya mvua na vya kina cha mito vinavyochukuliwa wilayani kwetu havimo humo, na takwimu zetu nyingi bado hutolewa kama ripoti za PDF. Katalogi ya STAC inaweza kuwa mafaili ya JSON tu, yakawekwa kwenye seva ileile inayobeba tovuti ya idara. Hazihitajiki mashine mpya wala hifadhidata. Anahitajika mtu wa kuandika kila kituo cha kupima, mahali kilipo, tarehe za vipimo vyake na anwani ya faili. Vituo vya bonde la Nyamwamba vikianza, na paneli ikiweza kuyachuja mafaili hayo, mtafiti wa mafuriko atachora mstatili uleule wa Kilembe na kupata picha ya setilaiti na mvua ya siku hiyo katika paneli moja.