Debe la mjomba wa Kasulu na mzani wa Hannover

Kila nikipiga simu nyumbani Ujiji, hakosi mtu wa kuniambia: "Ninyi mlioko Ulaya mmebahatika, huko wafanyabiashara hawadhulumu." Nina miaka tisa Hannover, Ujerumani, na neno hilo linaniuma, kwa sababu linatufanya tuamini dhuluma ni tabia yetu sisi.

Wauzaji wa hapa hawatuzidi uungwana. Mzani wa muuza nyama una stika ya ukaguzi, naye anajua akiuchezea atashtakiwa. Mkaguzi asipoona, mambo ni yale yale. Volkswagen, ambayo makao yake yako Wolfsburg, jirani kabisa na hapa, ilinaswa mwaka 2015: magari yake ya dizeli yaliwekewa programu inayotambua kuwa gari linapimwa moshi, likajifanya safi. Barabarani lilitoa sumu kupita kiwango, mengine hadi mara 40. Magari kama milioni 11, dunia nzima! Na si soko lililowaumbua. Wanunuzi waliendelea kuyapenda; nani ana pua ya kupima moshi? Waliowaumbua ni watafiti waliopima magari barabarani, kisha serikali ya Marekani ikawabana.

Watetezi wa soko huria humtaja Milton Friedman, mwanauchumi wa Marekani aliyeandika mwaka 1970 kwamba wajibu wa kampuni ni kuongeza faida. Wanaruka sharti lake: mradi ifuate kanuni za mchezo, bila udanganyifu. Mimi nang'ang'ania sharti hilo.

Mama yangu alikuwa akiuza dagaa Kibirizi. Aliwaanika kwenye chanja, wakati wengine waliwamwaga chini, na mchanga ukaongeza uzito. Hakuna afisa aliyemlazimisha. Wateja wake walikuwa majirani, na kesho yake angekaa nao jamvi moja msibani. Angewatazamaje? Jioni alipembua tena kwa vidole, taa ya chemli pembeni, akitafuta kijiwe kimoja tu. Lakini dagaa wakishapanda treni kwenda Dar, mlaji hamjui mama wala mama hamjui mlaji. Haya ya uso haisafiri mbali hivyo. Hapo ndipo anapotakiwa mkaguzi.

Na mkaguzi tunaye, kwenye karatasi. Wakala wa Vipimo wa Tanzania upo, lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, imepigwa marufuku. Ila mjomba wangu aliyeko Kasulu bado anauza maharage kwa debe la mnunuzi, lililogongwa nyundo kwa ndani mpaka likatanuka, kisha linajazwa hadi linafanya kichuguu. Likizo iliyopita nilimuuliza kwa nini asikatae.

"Mjomba," akanijibu, "nikikataa nimuuzie nani? Mvua zikichanganya, lori linalofika huku ni lake peke yake."

Soko gani huria lenye mnunuzi mmoja, na debe ni lake, na bei ni yake? Barabara ya kupitisha lori la pili ingemsaidia mjomba kuliko mahubiri yote ya uaminifu. Msimu huu amemuuzia tena, magunia sita, kwa debe lile lile.