Jangwani Ibaki Jangwani

Nimekulia Hananasif, Dar es Salaam, upande ule ambao ukitoka uani na kushuka kidogo tu, unakanyaga tope la Mto Msimbazi. Sebuleni kwa bibi yangu kulikuwa na mstari wa kahawia ukutani, usawa wa kifua cha mtu mzima. Ni maji ya Desemba 2011 yaliyouacha. Mwaka uliofuata wajomba walichanga, nyumba ikapakwa rangi upya, na fundi alipofika kwenye ule ukuta bibi akamzuia: "Hapo paache hivyo hivyo, mwanangu. Watoto wakisahau maji yalifika wapi, watahamishia jiko kule chini."

Ukuta ule haupo tena. Desemba 2015 nyumba iliwekewa X nyekundu, na tingatinga likapita kabla ya Krismasi. Lakini maneno ya bibi yananirudia kila ninaposikia watu wakizungumzia mtaa mpya utakaoinuka katika bonde lile, na hasa wanapofika kwenye swali la jina.

Wengi mnaujua Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi. Benki ya Dunia imetoa mkopo wa dola milioni 200, Hispania na Uholanzi zikaongeza dola milioni 30 kila moja. Daraja jipya la Jangwani litakuwa na urefu wa mita 390, ili Barabara ya Morogoro isifungwe tena kila masika. Karakana ya mwendokasi, ambayo tangu mabasi yaanze kazi 2016 imeogeshwa na maji mara nyingi, inahamishwa. Mto utapanuliwa na kuchimbwa, udongo utainua kingo, na juu ya kingo hizo kutakuwa na nafasi ya nyumba, maduka na ofisi, huku sehemu kubwa ya bonde ikiwa bustani ya jiji. Naunga mkono mpango huu kwa moyo wote. Nimeshuhudia watu wakibeba magodoro kichwani saa tisa usiku, na sitaki mtoto mwingine ayaone yale.

Sasa jina. Vijiweni nimeshasikia mengi, na karibu yote yana "City", "View" au "Riverside" ndani yake. Mtu anayasema akiwa na furaha ya kweli, kwa kuamini kwamba jina la namna hiyo ndilo litakaloleta wawekezaji. Mimi naomba tusilifanye hilo. Mtaa huo tayari una jina, na jina lake ni Jangwani.

Jangwani ni neno linaloeleza hali. Kwa watu wa pwani jangwa si mchanga wa Sahara tu. Ni uwanda mtupu, kama ule wa chumvi nyuma ya mikoko, mahali pasipoota kitu kwa sababu maji huja na kuondoka. Aliyepaita hivyo alikuwa anatuambia kwamba hapa pako wazi, na pako wazi kwa sababu. Kwa miaka mingi tulielewa. Viwanja vya Jangwani vilikuwa vya mpira, vya mikutano, vya mikesha. Mwaka 2015 CCM walizindulia kampeni zao pale, na siku chache baadaye UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, nao wakazindulia za kwao palepale, na kila upande ukasema umejaza kuliko mwenzake. Uwanda ulitosha wote.

Majina yote ya bonde lile ni ya namna hiyo. Mkwajuni palikuwa na mkwaju, Mchikichini palikuwa na mchikichi. Ukiyasoma kwa utulivu unapata ramani ya mahali palivyokuwa kabla ya saruji. Jina la mahali likifutwa tunapoteza zaidi ya neno. Tunapoteza kile wazee walichokuwa wanatuambia kuhusu ardhi ile, na hicho hakimo kwenye hati ya kiwanja.

Halafu nawauliza wanaotafuta jina la kuvuta wawekezaji: ni matangazo gani mnayoweza kununua yanayozidi haya mliyonayo bure? Simba ni Wekundu wa Msimbazi. Yanga ni Watoto wa Jangwani. Klabu mbili kubwa kuliko zote nchini zinaitwa kwa mto mmoja na bonde lake. Kuanzia Tandahimba hadi Ngara, mtoto ambaye hajawahi kuiona Dar es Salaam anayajua maneno hayo mawili kabla ya kujua wilaya ya Ilala iko wapi. Wakati wa mechi ya watani wa jadi, Msimbazi na Jangwani hutajwa redioni mara zisizohesabika. Kisha tuweke kibao cha jina lililotungwa na watu watatu mezani? Hapana, jamani.

Na Dar es Salaam ina msajili wake wa majina, ambaye ni konda wa daladala. Jina lisilopita mdomoni mwake halikai. Magomeni imegawanywa na makonda na abiria kuwa Mapipa, Usalama, Mwembechai, Kagera. Mbagala ina Rangi Tatu. Tabata ina Dampo. Hakuna kamati iliyokaa kupitisha "Manzese Tip Top", lakini mwendokasi ulipokuja, vituo vilibidi vifuate majina ambayo watu walikuwa wanashukia tangu zamani. Shirika la Nyumba la Taifa lilipojenga majengo yake makubwa pale Kinondoni, lilichukua jina la Moroko ambalo tayari lilikuwa midomoni, likaongeza "Square" mwishoni. Abiria hajapotea, bado anasema "nishushe Moroko".

Upande wa pili tuna Salenda. Daraja la zamani, pale Msimbazi unapoingia baharini, lilibeba jina la mhandisi wa wakati wa Mwingereza. Tulilitafuna jina lile mpaka likawa letu. Mwaka 2022 tukafungua daraja zuri zaidi pembeni, zaidi ya kilomita moja juu ya maji, likaitwa Tanzanite. Nalipenda daraja lile, napita kila nikipata nafasi, hasa jioni. Lakini jiwe la Mirerani na mikoko ya Upanga havina udugu, na ndiyo maana mpaka leo jirani zangu wakielekezana wanasema "ile Salenda mpya".

Nieleweke vizuri. Sina ugomvi na neno lenye asili ya kigeni. Kariakoo ni Carrier Corps, wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na hakuna jina la Kiswahili zaidi ya Kariakoo leo. Lakini watu ndio walioliita, wakalisaga kwa ulimi wao. Ninachopinga ni jina linaloteremshwa likiwa limeshaandikwa kwenye bango lenye picha ya kompyuta ya familia inayotabasamu kando ya mto wa buluu. Msimbazi haujawahi kuwa wa buluu. Masika una rangi ya chai ya maziwa, na huo ndio uzuri wake.

Tulishapata nafasi ya kujifunza. Kwenye operesheni ya anwani za makazi ya 2022, kabla ya sensa, kila barabara ilitakiwa kuwa na jina kwa haraka. Mitaa mingine ilikaa kikao, wazee wakaulizwa, wakapata majina yenye maana. Mingine iliamka ikakuta nguzo imesimamishwa na jina ambalo hakuna aliyelijua, na ukimwelekeza bodaboda kwa jina hilo anakuuliza, "Si uniambie karibu na nini?" Jiji la watu zaidi ya milioni tano haliwezi kuelekezana kwa "karibu na nini" milele.

Lakini jina peke yake halitoshi, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Naogopa jina jipya kwa sababu jina jipya hurahisisha kusahau waliokuwepo. Ukisema "Jangwani", lazima mtu aulize: waliokuwa wanakaa pale wako wapi? Ukisema jina la bango, swali hilo halina pa kuanzia.

Wako wapi, basi? Baada ya mafuriko ya 2011, yaliyoua takriban watu 40, wengi walipelekwa Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Wengine walibomolewa 2015 wakatawanyika kwa ndugu. Wengine wamelipwa fidia ya mradi huu na kuhama. Tuliambiwa tena na tena kuhusu Sheria ya Mazingira ya 2004 na mita zake 60 kutoka mtoni. Sawa, sheria ni sheria, na mto ulikuwa unatuua. Lakini mwambie mama wa Mkwajuni kwamba pale alipoambiwa hapafai kuishi binadamu sasa patajengwa ghorofa, aelewe vipi? Wahandisi wana jibu: ardhi itainuliwa, mto utapewa njia pana, hatari itapungua. Nalikubali jibu hilo. Ila ardhi ikishafaa, aliyekaa nayo ilipokuwa haifai awe wa kwanza kufikiriwa.

Na hili linawezekana, kwa kuwa tumelifanya hatua chache kutoka hapo. Magomeni Kota ilibomolewa, watu wakahangaika miaka mingi na nyumba za kupanga, lakini majengo mapya yalipokamilika 2022, kaya 644 za wakazi wa zamani ndizo zilizokabidhiwa. Nilikuwa na rafiki kati yao. Siku aliyopewa ufunguo alipanda ngazi mpaka juu, akafungua dirisha la jikoni, akaita jina la jirani yake wa zamani kwa sauti, na jirani akaitika kutoka jengo la pili. Na pale panaitwa Magomeni Kota mpaka leo.

Kwa hiyo nikisema Jangwani ibaki Jangwani, namaanisha na watu wake. Sehemu ya nyumba itengwe kwa waliohamishwa na kwa wapangaji wa kipato cha kawaida, na itengwe kwa maandishi kabla ya jengo la kwanza kuanza. Ghorofa ya chini iwe na vyumba vidogo ambavyo mama lishe anaweza kulipia, maana fremu kubwa ataichukua mwenye benki. Wale kina mama waliokuwa wanalima mchicha na matembele bondeni, wanaoamka alfajiri kuufunga mafungu, wapewe sehemu ya bustani ile, maana chakula hakiharibu mandhari. Na bustani isiwe na geti. Viwanja vya Jangwani havikuwahi kuwa na geti. Mtoto wa Kigogo aingie na mpira wake wa matambara bila kuulizwa na mlinzi anatoka wapi.

Kuna atakayeniambia kwamba jina la mto halisafishi mto, na atanielekeza Nairobi. Ni kweli. Jiji zima lile linaitwa kwa maji, maji ya baridi kwa lugha ya Wamasai, na bado mto wao umeteseka, na mafuriko ya 2024 yaliwapata watu wa Mathare na Mukuru kama yalivyotupata sisi, kisha tingatinga likafuata. Sidai kwamba kibao kinazuia maji. Nadai kwamba anwani yako ikiwa na jina la bonde, huwezi kujifanya huishi bondeni. Utauliza kinachoteremka kutoka Vingunguti. Utauliza nani anachimba mchanga kule juu, na milima ya Pugu, mto unakoanzia, bado ina miti kiasi gani. Maana ukipamba Jangwani na kuiacha Pugu iwe na kipara, tope litakuja kukutembelea kwenye kahawa yako ya ghorofa ya chini.

Ndiyo maana nina ombi moja la ziada kwa wasanifu. Kwenye nguzo ya kila jengo, na kwenye nguzo za daraja jipya, chorwe mstari wa usawa wa maji ya 2011. Rangi ya kahawia, usawa halisi, na mwaka pembeni. Haitaharibu uzuri wa kitu.

Mwezi uliopita nilikwenda Mabwepande kumsalimia mama aliyekuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka kwa bibi. Ana miti ya mapapai sasa, na kuku, na hana tena hofu ya mvua ya usiku. Nilimweleza kuhusu mradi, kingo zitakavyoinuliwa, bustani, nyumba. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele kwenye ungo. Kisha akaniuliza, "Na ile njia ya kutokea kwetu kwenda kwa mwalimu wa madrasa, wataiacha?" Nikamwambia sidhani, Mama, ardhi yote itabadilika. Akanyamaza, akapepeta. "Basi jina lake waliache. Sisi tulikuwa tunaiita Njia ya Mkunguni."

Nimeliandika. Kikao cha mtaa kikiitishwa nitakwenda nalo, pamoja na Mkwajuni, pamoja na Jangwani yenyewe. Nanyi mliokulia Kigogo, Mchikichini, Magomeni Suna na Hananasif, waulizeni wazee wenu vichochoro vyenu viliitwaje, mviandike, na mje navyo.