Kupanda Mchongoma: Mwili wa Mwindaji wa Milimani

Karibu kila mtu anayejiandaa kwa safari yake ya kwanza ya kuwinda kwenye milima mirefu huuliza akimbie kilomita ngapi kwa siku ili aweze kufika juu. Nawaelewa, kwani hata mimi nilianzia hapo hapo. Hata hivyo, kadiri ninavyozidi kwenda milimani ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kufika juu ni sehemu ndogo ya kazi, na kwamba mwili wa mwindaji hupimwa mahali pawili ambapo wengi hawapafanyii mazoezi hata siku moja: anapolala kifudifudi nyuma ya bunduki huku moyo ukimwenda mbio, na anapoanza kuteremka akiwa na mzigo mgongoni. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na sijui kauli nyingine inayomfaa mwindaji wa milimani kuliko hiyo.

Nilijifunza hayo kwa njia ngumu. Katika safari yangu ya kwanza nilifika kwenye ukingo wa mlima, kwenye mwinuko wa takriban mita 3,800, baada ya kupanda tangu alfajiri, na mita chache za mwisho nilizitambaa kwa viwiko. Kondoo-mwitu dume tuliyekuwa tukimfuata alikuwa amelala kwenye rafu ya mwamba ng'ambo ya korongo, umbali wa mita zipatazo 200. Nilipomtazama kwenye darubini ya bunduki, ile alama ya msalaba ilikuwa ikipanda na kushuka kwa mapigo ya moyo wangu, ikitoka begani kwa mnyama hadi tumboni na kurudi, na kila nilipojaribu kuizuia pumzi, kifua kilinilazimisha nivute hewa upya kabla sijahesabu hata mbili. Mzee aliyekuwa akituongoza aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu, akaninong'oneza, "Mwanangu, usifyatue. Pumua kwanza." Kabla pumzi haijatulia, yule dume aliinuka, akajinyoosha, akavuka ukingo wa pili na kutoweka. Hadi leo namshukuru mzee yule, kwa maana risasi ile, kama ingetoka, ingempata mnyama tumboni, na angekwenda kufia mahali ambapo hakuna yeyote kati yetu ambaye angeweza kumfikia.

Hapo ndipo ulipo msingi wa maoni yangu. Mwindaji asiye na mwili ulio tayari humdhulumu mnyama kabla ya kujidhulumu mwenyewe, kisha huwadhulumu wenzake wanaolazimika kumbebea mzigo. Mazoezi ya mwili, kwa hiyo, yana uzito ule ule wa kuilenganisha bunduki vizuri au kuwa na kibali halali cha kuwinda, na anayeyapuuza angefanya vyema kuiahirisha safari.

Kabla ya kuzungumzia mazoezi yenyewe, ni lazima tuelewane kuhusu hewa. Sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki tunapopanda. Hubaki takriban asilimia 21, iwe ufukweni au kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Kwenye mita 3,000 mgandamizo huo ni kama asilimia 70 ya ule wa usawa wa bahari, kwenye mita 4,000 hukaribia asilimia 60, na kwenye mita 5,500 hubaki nusu tu. Kondoo wa Marco Polo, aina ya kondoo-mwitu wa milima ya Pamir huko Asia ya Kati, huishi mara nyingi juu ya mita 4,000, na anayetaka kumfuata huko anapaswa kujua kwamba, baada ya kuvuka mita 1,500 hivi, uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 anazoongeza.

Hakuna mazoezi ya nyumbani yanayoweza kuufuta upungufu huo, na jambo hili wengi hawapendi kulisikia. Mtu mwenye mwili mwepesi na mapafu mazuri anaweza kuugua maradhi ya mwinuko sawasawa na mtu mzito, na pengine yuko hatarini zaidi, kwa sababu miguu yake inamruhusu kupanda haraka kuliko damu yake inavyoweza kuzoea. Mwili huanza kujirekebisha kwa kupumua zaidi, na ndani ya saa chache figo hutoa homoni ya kuuamsha uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu za damu, lakini ongezeko kubwa la seli hizo huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana kanuni inayopendekezwa na matabibu wa milimani ni kwamba, ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima bila kupanda. Maumivu ya kichwa yanayoambatana na kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida au kizunguzungu ni ishara ya kusimama hapo hapo ulipo. Kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata umekaa ni amri ya kuteremka mara moja, hata kama ni usiku na hata kama mnyama uliyemtamani miaka kumi amesimama mbele yako. Ipo dawa ya asetazolamaidi inayosaidia mwili kuzoea mwinuko, lakini hiyo ni ya kuzungumza na daktari miezi kabla ya safari, pamoja na kupimwa moyo na shinikizo la damu, hasa kwa aliyevuka umri wa miaka arobaini.

Kama mazoezi hayawezi kuongeza oksijeni, kazi yake ni nini basi? Kazi yake ni kuufanya mwili utumie kidogo kwa kila hatua, ili ile akiba ndogo inayobaki itoshe kulenga, kuamua na kurudi salama. Akiba hiyo hujengwa polepole. Ningependa kila mwindaji ajipe angalau miezi sita, na sehemu kubwa ya muda huo aitumie kutembea au kukimbia kwa mwendo ambao bado unamruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukatika. Mwendo huo huwachosha watu kwa jinsi ulivyo wa taratibu, nao hukimbilia kwenye mazoezi ya nguvu ya dakika 20 yanayowaacha wakitweta sakafuni na kuhisi kwamba wamefanya kazi. Siyakatai hayo, mara moja kwa wiki yanafaa. Lakini siku ya mlimani ina saa nane au kumi za kutembea, na ni mwendo mrefu wa utulivu unaoongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli na kuufundisha mwili kuchoma mafuta badala ya kumaliza sukari yote kabla ya adhuhuri.

Baada ya wiki nane hivi, mzigo uingie. Anza na shanta la kilo 8 au 10, ongeza kilo mbili kila wiki mbili, mpaka ufikie uzito utakaoubeba safarini na kuupita kidogo. Mzigo wa maji ndio bora kuliko yote, kwa sababu lita moja ni kilo moja na mtu hahitaji mizani. Tena, wiki za mwanzo, unaweza kupanda na dumu lililojaa, ukayamwaga maji juu, ukateremka na shanta jepesi wakati magoti bado ni mageni kwa kazi hiyo. Asiye na mlima karibu naye asijihurumie. Jengo la ghorofa 10, ikiwa kila ghorofa ina kimo cha mita 3, humpa mita 30 kila anapopanda ngazi zake, na akirudia mara 20 amekwisha kupanda mita 600. Mnamo mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ya kukadiria safari za milimani ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi za njia, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo haikuhesabu hewa nyembamba wala mzigo mzito, kwa hiyo mimi huichukulia kama kiwango cha nyumbani: asiyeweza kuifikia akiwa na shanta la kilo 15 kwenye mwinuko wa chini bado hajawa tayari kwa mwinuko wa juu.

Sasa nirudi kwenye kuteremka, kwa kuwa hapa ndipo niliposhindwa kabisa katika safari ile. Tulianza kushuka alasiri, na baada ya saa moja mapaja yangu yalikuwa yakitetemeka kila nilipokanyaga jiwe lililolegea; baada ya saa mbili nilikuwa nikishuka kwa kukaa, huku kijana mmoja wa msafara akiwa amelichukua begi langu na kulitundika juu ya lake. Nilikuwa nimepanda ngazi kwa miezi, lakini kila siku nilishuka kwa lifti. Sababu ya kilichonipata inaeleweka vizuri. Tunapopanda, misuli ya paja husukuma huku ikijikunja; tunapoteremka, misuli hiyo hiyo hufanya kazi ya breki, ikivutika na kurefuka huku imebeba uzito wote wa mwili na mzigo, na kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogo ndani ya msuli kuliko kupanda kokote. Maumivu yake hayaji siku hiyo. Hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, yaani wakati mwindaji alipotarajia kuwa kwenye ukingo mwingine.

Jambo la kutia moyo ni kwamba misuli hujifunza haraka. Zoezi moja tu la kuteremka, lililofanywa kwa kiasi, huipa misuli kinga inayodumu kwa wiki kadhaa, na mazoezi ya kila wiki huijenga kinga hiyo hadi mteremko wa mita 1,000 usiache alama. Shuka ngazi kwa miguu, taratibu, ukihesabu mbili kwa kila kidato. Simama kwenye kidato kwa mguu mmoja, ushushe kisigino cha mguu wa pili hadi kiguse sakafu bila kukitupa, kisha urudi juu. Fanya hivyo mara 10 kwa kila mguu, na ongeza shanta unapoona zoezi limekuwa jepesi. Chuchumaa polepole, inuka kwa kasi ya kawaida. Siku za mlima, tumia fimbo mbili za kutembelea, kwani hupunguzia magoti sehemu ya mzigo na kukupa nukta nne za kukanyagia kwenye kokoto. Kumbuka pia kwamba safari iliyofanikiwa huongeza uzito wakati wa kurudi: kondoo-mwitu dume mkubwa anaweza kuzidi kilo 100, na nyama, ngozi na pembe zake hazitembei zenyewe hadi kambini. Anayepanga kuwinda bila kupanga namna ya kuibeba nyama hajaifikiria safari yake.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote, hata hivyo, halihusu miguu. Wanamichezo wa baiathloni hukimbia kwa ski, yaani mbao za kutelezea juu ya theluji, mapigo ya moyo yakiwa juu sana, kisha husimama na kufyatua risasi kwenye shabaha tano zilizo umbali wa mita 50, na wanapofyatua wakiwa wamelala kila shabaha ina kipenyo cha milimita 45 tu. Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu wamefundishwa kupumua, na ni ustadi ambao kila mwindaji anaweza kujifunza. Nyumbani, nikiwa na bunduki tupu ambayo nimeikagua mara mbili na risasi zote zikiwa zimefungiwa chumba kingine, hupanda ngazi kwa haraka dakika tatu, hulala kifudifudi juu ya shanta, kisha huhesabu nimevuta pumzi ngapi kabla alama haijatulia kwenye kijiduara cha karatasi ukutani. Nilipoanza zilikuwa zaidi ya 30. Sasa ni kama 12, na kifyatuo hukibonyeza mwishoni mwa kutoa hewa, katika kile kituo kifupi ambacho mwili wenyewe hukitoa kabla ya kudai hewa nyingine. Wenye fursa ya kutumia uwanja wa shabaha wafanye zoezi hili kwa risasi za kweli, chini ya usimamizi, baada ya kukimbia mita mia chache.

Kuhusu miguu yenyewe sina mengi: viatu vivaliwe katika kila zoezi la mzigo kwa miezi miwili kabla ya safari, maana malengelenge yameharibu safari nyingi kuliko moyo dhaifu. Siku 10 za mwisho punguza kazi hadi nusu, tembea bila mzigo, lala mapema, na usijaribu kufidia wiki ulizozembea, kwa kuwa hazifidiki tena.

Katika safari yangu ya pili nilifika ukingoni dakika arobaini nyuma ya wakati tuliokuwa tumepanga, kwa kuwa nilipanda kwa mwendo wa mzee yule, hatua fupi, pumzi moja kwa hatua moja. Wanyama walikuwa bado wakila majani upande wa pili. Nilivua shanta, nikalaza kidevu juu yake, nikaanza kuhesabu pumzi. Mzee alichuchumaa kando yangu, akatazama kifua changu muda mrefu, kisha akageuza uso wake kuwaangalia kondoo.