Shemeji ndani ya buti

Gari langu lilikuwa linagoma kila Jumatatu. Jumanne mpaka Ijumaa linawaka bila neno, Jumatatu stata inasema "tik" na kunyamaza. Shemeji yangu, bingwa wa magari ya watu, alitoa hukumu hata bonneti halijafunguliwa: "Oltaneta imekufa hiyo, shemeji." Yaani kile kinachochaji betri injini ikiwaka.

Tukaomba waya kwa jirani, tukalishtua. Injini haijatulia, shemeji kashika spana, anataka kung'oa waya wa betri. "Likizima, ujue oltaneta haina kitu." Nikamdaka mkono. Ukiing'oa betri injini inaunguruma, volti hupanda ghafla na kuweza kuunguza daiodi za oltaneta, pengine na kompyuta ya gari. Hapo ndipo oltaneta inakufa kweli.

Nikaleta mita: volti 14.2. Inachaji vizuri kabisa. Basi kuna kitu kinakula betri gari likilala Jumamosi na Jumapili.

Nikazima, nikafungua waya wa hasi, nikapitisha umeme kwenye mita upande wa ampea. Ilisoma 0.45, na gari lililolala kwa kawaida halifiki hata 0.05. Nilipochomoa fyuzi ya taa za ndani, namba ikaporomoka. Nikairudisha. Taa zote tunaziona zimezima, isipokuwa moja tusiyoweza kuiona: ya buti.

"Naingia mimi," akasema shemeji, akajikunja humo. Nikafunga.

"Inawaka! Naona mpaka mistari ya kiganja!"

Balbu ya wati 5 tu, lakini usiku na mchana inakula ampea-saa 10. Mwizi kapatikana. Nikabonyeza kitufe cha kufungulia buti.

Kufuli la umeme likavuta ampea nyingi kwa mkupuo, fyuzi ya mita ikakatika, na kwa kuwa umeme wote ulikuwa unapitia humo, gari zima likafa. Buti halikufunguka. Kimya. Kisha ikasikika sauti ya furaha:

"Shemeji, imezima! Imepona yenyewe!"

Spana ya kufungia waya wa betri ilikuwa mfukoni mwake. Nikaugandamiza waya wa hasi kwenye betri kwa mkono, cheche zikaruka, king'ora kikaanza kulia, majirani wakatoka.

"Aa, umeiwasha tena!" akalalamika kutoka ndani.

Kumbe ni swichi ya buti iliyokwama kwa kutu. Siku hizi shemeji anawasimulia watu kwamba aliyeugundua ugonjwa ule ni yeye. Siwezi kumbishia, shahidi aliyeiona taa ile ikiwaka ni yeye peke yake.